Matangi ya maji katika karavani yako ya kwanza: namna yanavyofanya kazi, uzito wake na hatari zake

Anayenunua karavani kwa mara ya kwanza nchini Australia hukabidhiwa funguo, hati za usajili na maelezo ya haraka kuhusu pampu, mabomba na matangi, yote katika Kiingereza cha mafundi. Kitanda na jiko hujieleza vyenyewe. Mfumo wa maji haujielezi. Sehemu yake kubwa imefichwa chini ya sakafu, na kasoro zake hujitokeza pale familia inapokuwa imekwisha kuliacha mbali bomba la mwisho la mji.

Kwa anayekusudia kulala siku mbili katika kiwanja cha karavani kilichopo ufukweni, karibu na jiji, jambo hili si zito: bomba lipo hatua tatu kutoka mlangoni. Lakini nchi hii ina barabara za aina nyingine. Kati ya Norseman, katika jimbo la Australia Magharibi, na Ceduna, katika Australia Kusini, kuna takriban kilomita 1,200 za uwanda wa Nullarbor, masafa yanayokaribia yale ya Dar es Salaam hadi Mwanza kwa barabara. Hakuna mto hata mmoja njiani. Vituo vya mafuta vilivyopo hupata maji yao kwa taabu na gharama, na kwa kawaida msafiri haruhusiwi kujazia matangi yake hapo. Atakayeondoka akidhani matangi yamejaa, kumbe ni matupu, atalijua hilo mahali pabaya.

Msikilizaji aliyewahi kubeba dumu la lita 20 kutoka kisimani, au kupanga foleni ya maji katika kambi ya wakimbizi, tayari anajua mambo mawili ambayo wanunuzi wengi huyajua kwa kuchelewa: maji ni mazito, na maji yaliyokaa si maji yaliyochotwa sasa hivi. Mengine yote yaliyomo katika makala hii yanatokana na hayo mawili.

Njia mbili za maji safi

Karavani ya kawaida ina njia mbili za kuingizia maji safi, na zote zipo ubavuni kwa nje. Ya kwanza ni kiungo kidogo cha kuunganishia mpira unaotoka kwenye bomba la kiwanja. Maji yanayopita hapo huenda moja kwa moja jikoni, bafuni na kwenye hita kwa msukumo wa mji wenyewe, bila kugusa tangi wala pampu. Ya pili ni mdomo mpana zaidi wenye kifuniko, mara nyingi cha kufungwa kwa ufunguo. Maji yanayomiminwa humo huteremka hadi kwenye tangi la plastiki lililofungwa kwenye chesisi, na hukaa humo mpaka pampu ndogo inayotumia umeme wa betri wa volti 12 itakapoyavuta.

Kosa la kwanza la wageni ni kudhani kwamba njia hizi mbili hukutana, yaani ukiunganisha mpira kwenye kile kiungo kidogo, matangi nayo yatajaa. Katika karavani nyingi hayajai. Familia yaweza kukaa wiki nzima kiwanjani ikioga na kupika kwa maji ya mji, kisha ikaondoka kuelekea bara ikiwa na matangi yaliyo makavu kama ilivyoyakuta. Matangi hujazwa kwa makusudi, kupitia mdomo wake, kabla ya safari.

Kinachozitenganisha njia hizi ni valvu ya njia moja, ambayo mara nyingi imo ndani ya pampu yenyewe. Huruhusu maji kutoka tangini kwenda mbele, lakini huyazuia maji ya mji yasirudi nyuma. Ikichakaa, maji ya mji hupenya kurudi tangini, tangi hujaa bila mtu kulijaza, na mwishowe maji humwagika chini ya karavani. Ukiona hali hiyo, usikimbilie kudhani kwamba tangi limepasuka. Ianze kuishuku valvu.

Msukumo wa maji nao unahitaji kutazamwa. Viungo vya mabomba ya karavani ni vya plastiki, navyo havikuundwa kuhimili kila msukumo utokao kwenye bomba la kiwanja. Ndiyo maana hutumika kipunguza msukumo, kifaa kidogo cha shaba kinachofungwa kwenye bomba la nje, kabla ya mpira. Vinavyouzwa kwa ajili ya karavani mara nyingi huuwekea msukumo kikomo cha kilopaskali 350. Baadhi ya karavani huwa nacho tayari ndani ya kile kiungo, nyingine hazina. Ni vyema kuuliza. Bei yake ni ndogo sana ikilinganishwa na gharama ya kukausha sakafu na kuta za mbao zilizolowa. Kwa sababu hiyo hiyo, bomba la nje lifungwe kila mnapotoka kwenda matembezini. Mpira ukichomoka au kiungo kikiachia mkiwa hampo, hakuna atakayekiona.

Kujaza tangi, na sauti ya pampu

Unapojaza, usiuzibe mdomo wa tangi kwa mpira. Maji yanapoingia, hewa iliyomo lazima itoke, nayo hutoka kupitia kibomba chembamba cha kupumulia pamoja na nafasi iliyobaki mdomoni. Mpira ukibana pande zote huku maji yakiingia kwa nguvu, tangi huvimba, na huweza kupasuka au kukata mikanda inayolishikilia. Uache mpira ukae kwa kulegea, ufungue maji kiasi, usubiri mpaka yafurike. Maji yakirudi na kukurushia usoni ilhali tangi bado halijajaa, huenda kile kibomba kimeziba kwa vumbi au kwa kiota cha mdudu.

Kufurika ndiko kipimo cha kuaminika. Taa ndogo za ukutani zinazoonyesha kiwango cha maji hutegemea vipima vichache vilivyochomekwa tangini kwa ngazi. Hazisomi kila lita, na vipima vikishika ukoko wa chokaa husema uongo bila aibu. Wasafiri wazoefu huhesabu matumizi yao kichwani, na taa huzitazama kama anavyotazamwa shahidi ambaye hajawahi kuapishwa.

Pampu hufanya kazi kwa kuhisi msukumo. Ukifungua bomba la jikoni, msukumo hushuka, pampu huwaka na kunguruma; ukilifunga, msukumo hupanda na pampu hunyamaza. Kwa hiyo sauti yake ni lugha. Ikinguruma bila kukoma na bomba likitoa hewa tupu, tangi limekwisha au hewa inaingia mahali fulani: izime, maana haikuundwa kukimbia kavu kwa muda mrefu. Ikiwaka kwa sekunde mbili na kuzima, kisha ikarudia hivyo usiku kucha ilhali wote mmelala, kuna mahali panapovuja. Na kabla gari halijaondoka, swichi ya pampu izimwe kila mara. Katika barabara za vumbi zenye matuta, bomba huweza kujifungua lenyewe kwa mtikisiko, na pampu iliyoachwa ikiwa hai italimwaga tangi zima sakafuni ninyi mkiwa mbele mnasikiliza muziki.

Karavani nyingi zina matangi mawili ya maji safi, kila moja na koki yake ya kufungia. Yatumieni moja baada ya jingine, msiyafungue yote kwa pamoja. Tangi la pili likiwa limefungwa, lile la kwanza linapokwisha huwa ni onyo tu. Faida nyingine ni kwamba, ikitokea umelijaza tangi moja maji mabaya, bado unalo jingine lililo salama.

Uzito usioonekana

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Tangi la lita 95, kipimo kinachopatikana sana katika karavani za Australia, ni kilo 95, yaani madumu matano kasoro lita tano. Matangi mawili ni kilo 190. Hita ya kuhifadhi maji ya moto ya lita 23 huongeza kilo 23 nyingine. Jumla ni kilo 213 ambazo hazikuwapo karavani ilipokuwa imesimama dukani.

Kila karavani ina kibao kinachoonyesha uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa kisheria. Uzito wake mtupu nao huandikwa, ama kwenye kibao hicho ama kwenye hati zake, na kwa kawaida huo ni uzito wa karavani ambayo matangi yake ya maji na mitungi yake ya gesi haina kitu. Tofauti ya tarakimu hizo mbili ndiyo mzigo unaoruhusiwa kubeba. Tuchukue mfano wa karavani yenye uzito mtupu wa kilo 2,100 na kikomo cha kilo 2,500. Mzigo ni kilo 400. Ukitoa kilo 213 za maji, zinabaki 187 kwa ajili ya nguo, vyombo, chakula, mitungi ya gesi, matandiko, meza, viti, baiskeli za watoto na lile sanduku la vifaa ambalo baba hakubali kuliacha nyumbani. Si nyingi. Na tangi la maji machafu likijaa nalo, kilo 95 nyingine hutoweka.

Kuzidisha uzito huo ni kosa la barabarani, na kampuni ya bima huweza kukataa kulipa fidia baada ya ajali ikithibitika kwamba karavani ilikuwa imezidisha. Njia ya kuondoa shaka ni kuipeleka karavani ikiwa imepakiwa kama inavyosafiri kwenye mizani ya umma, ambayo hupatikana katika miji mingi. Tarakimu ya mizani haina ubishi.

Aidha, suala si kiasi peke yake, bali pia mahali maji yalipo. Karavani hukaa juu ya ekseli kama ubao wa kubembea. Maji yaliyo mbele ya ekseli huongeza uzito unaolalia kichwa cha kukokotea, nyuma ya gari. Yaliyo nyuma ya ekseli huupunguza. Kanuni inayofuatwa sana na wasafiri wa hapa ni kwamba takriban asilimia 10 ya uzito wote wa karavani ilalie kichwa hicho, mradi isizidi uwezo wa gari. Mtu akimaliza tangi la mbele na kuliacha la nyuma likiwa limejaa, pua ya karavani hupungua uzito, na katika mwendo wa kasi huanza kuyumba kulia na kushoto mpaka inalivuta gari lenyewe. Kwa hiyo kabla ya kuamua tangi lipi litumike kwanza, chungulia chini ya sakafu ujue lipi liko wapi. Kwa kawaida la nyuma ndilo litangulie kutumika.

Je, usafiri na matangi yaliyojaa au matupu? Wenyeji hubishana juu ya hili jioni nzima. Kwa maoni ya mwandishi, barabara ndiyo iamue: kati ya miji miwili ya pwani yenye maji ya kutosha, tangi moja lililo karibu na ekseli latosha, kuelekea bara, yote mawili yajazwe, na mizigo mingine ndiyo ipunguzwe. Katika hali zote mbili, chombo cha lita 10 au zaidi cha maji ya kunywa kikae ndani ya gari, si ndani ya karavani. Jiwe moja la barabarani laweza kutoboa tangi lililo chini ya sakafu, na gari laweza kulazimika kuiacha karavani nyuma.

Maji gani yaingie tangini

Hapa ndipo pa kukaa kwa muda, kwa kuwa afya ya watoto ndiyo inayohusika.

Maji ya miji ya Australia kwa kawaida yametiwa dawa ya klorini, na ni salama yanapotoka bombani. Lakini klorini haikai milele. Katika tangi la plastiki, chini ya karavani iliyosimama juani, dawa hiyo hufifia siku baada ya siku, na maji hupata joto ambalo vijidudu hulipenda. Hivyo tangi lililojazwa mwezi wa Desemba na kusahauliwa hadi Pasaka lisihesabiwe kuwa ni akiba. Lifunguliwe chini, limwagwe, lisafishwe.

Huko bara, miji na mashamba mengi hutegemea visima virefu. Hazina kubwa ya maji ya chini ya ardhi, Great Artesian Basin, imeenea kwa zaidi ya kilomita za mraba milioni 1.7, karibu mara mbili ya eneo la Tanzania, na maji yake hutoka yakiwa na joto la kuanzia nyuzi 30 hadi karibu na kuchemka. Mengine hunuka kama yai bovu kwa sababu ya salfa, nayo hunyweka bila madhara. Mengine yana chumvi inayoziba mabomba na hita. Visima vingine vya bara vina nitreti nyingi, ambayo ni hatari kwa watoto wachanga. Maziwa ya unga ya mtoto mchanga yasichanganywe na maji ya kisima kabla ya kuuliza halmashauri ya mji au mwenye kiwanja. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi nitreti wala chumvi; kinyume chake, maji yanapopungua kwa mvuke, hivyo huzidi kukolea.

Kuna hatari moja iliyo adimu sana lakini isiyo na msamaha. Amiba aitwaye Naegleria fowleri huishi katika maji matamu yenye uvuguvugu yasiyotiwa dawa. Jina lake linatokana na Malcolm Fowler, daktari wa Adelaide aliyeueleza ugonjwa wake mwaka 1965. Maji yenye amiba huyo yakinywewa hayadhuru. Yakipenya puani, kama mtoto anapojirushia maji ya mpira usoni, amiba huweza kupanda hadi kwenye ubongo, na ugonjwa unaofuata huua karibu kila anayeupata. Australia Kusini na Queensland zimewahi kuzika watoto kwa sababu hiyo. Kinga ni rahisi kuliko ugonjwa: maji ya kisima yaliyopo tangini yatiwe klorini, maji ya moto yaliyolala ndani ya mpira uliokaa juani yamwagwe kwanza, na watoto wasichezee mpira wa maji ya kisima yasiyotiwa dawa. Vivyo hivyo, bakteria wa Legionella hukua katika maji ya vuguvugu yaliyotuama, na huvutwa mapafuni kupitia mvuke wa bomba la mvua. Karavani iliyokaa muda mrefu isianze kazi kwa mtu kuoga. Mabomba yote yafunguliwe kwanza, madirisha yakiwa wazi.

Kusafisha tangi hakuhitaji fundi. Jiki ya kawaida ya nyumbani, isiyo na manukato wala sabuni, yenye asilimia 4 ya klorini, hupimwa mililita 125 kwa kila lita 100 za ukubwa wa tangi. Changanya kwanza katika ndoo ya maji, mimina, jaza tangi, kisha fungua kila bomba la ndani, la baridi na la moto, mpaka harufu ya klorini isikike. Acha kwa saa nne au usiku kucha. Mwaga, suuza kwa maji safi mara mbili au tatu mpaka harufu iishe. Watu wengine husafisha ukoko kwa siki. Jambo hilo si baya, ila lisifanywe siku moja na jiki. Viwili hivyo vikikutana hutoa gesi ya sumu.

Chujio la mkaa huboresha ladha kwa kuondoa klorini, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Ukilifunga kwenye mpira unaojaza tangi, unaondoa dawa iliyokuwa ikiyalinda maji, kisha unayaweka maji hayo juani kwa wiki moja. Mahali pake panapofaa ni kwenye bomba la kunywea jikoni. Kwenye mpira wa kujazia, panafaa chujio la kuzuia mchanga na kutu tu. Mpira wenyewe uwe ule uliothibitishwa kwa maji ya kunywa. Ule wa bustanini hutoa ladha ya plastiki na kemikali zake, hasa ukipata jua.

Kuhusu alama: bomba lenye rangi ya zambarau nchini Australia ni la maji yaliyotumika na kusafishwa upya, kwa ajili ya bustani na vyoo. Hayaingii tangini hata kidogo. Penye kibao cha picha ya bilauri iliyokatwa kwa mstari mwekundu, maana yake ni hiyo hiyo.

Hita ya maji

Kanuni ni moja: hita isiwashwe, iwe kwa gesi au kwa umeme, kabla haijajaa maji. Koili ya umeme inayowaka ndani ya hita tupu huungua kwa muda mfupi mno. Fungua bomba la maji ya moto jikoni. Mwanzoni litakohoa hewa na matone, kisha maji yatatiririka sawasawa. Hapo ndipo hita imejaa. Maji yakipata moto hutanuka, hivyo valvu ya usalama iliyopo nje hudondosha kidogo. Hilo ni la kawaida. Hita zenye tangi la chuma huwa na fimbo ya magnesiamu inayoliwa na kutu badala ya tangi lenyewe. Fimbo hiyo hukaguliwa walau mara moja kwa mwaka, na katika maji ya visima huisha upesi zaidi.

Maji yanayotoka

Mafundi wa hapa huyaita maji machafu kwa rangi: ya jikoni na bafuni ni maji ya kijivu, ya chooni ni maji meusi. Inafaa kuzijua rangi hizo maana ndizo zinazoandikwa kwenye vibao na koki, ijapokuwa Kiswahili hakikuwahi kuzihitaji ili kutofautisha kati ya maji ya kuoshea vyombo na maji ya choo.

Karavani za zamani nyingi hazina tangi la maji ya kijivu. Yanatoka tu kwa bomba chini ya sakafu. Katika kiwanja chenye mfereji wa kumwagia, hilo halina neno. Lakini baadhi ya hifadhi za taifa na maeneo ya kulala bure huruhusu tu magari yanayohifadhi maji yote machafu, na anayemwaga chini huweza kutozwa faini au kufukuzwa usiku. Sheria hutofautiana kati ya halmashauri na halmashauri. Sahani zikifutwa mabaki ya chakula kabla ya kuoshwa, tangi hilo halitanuka, zisipofutwa, litanuka.

Choo cha karavani nyingi kina kasha la lita 17 hadi 20 linalochomolewa kupitia mlango mdogo wa nje. Humwagwa katika vituo maalumu vilivyopo katika miji mingi, vingi vikiwa bure, na kamwe si porini wala katika choo cha shimo cha hifadhi bila ruhusa. Dawa inayotiwa humo isiwe na fomalini iwapo utamwaga mahali penye shimo la maji taka, kwani huua bakteria wanaolifanya shimo hilo lifanye kazi.

Katika kila kituo cha namna hiyo kuna bomba la kusuuzia kasha. Bomba hilo limeguswa na mipira na makasha ya kila msafiri aliyepita. Usijazie maji ya kunywa hapo, hata ikiwa una kiu, hata ikiwa mpira wake unaonekana safi. Glavu na mpira wa upande wa machafu vikae katika sanduku lake, mbali na mpira wa maji ya kunywa, na viwe na rangi tofauti ili hata mtoto anayesaidia asikosee.

Ng'ambo ya Bahari ya Tasman

Wanaofikiria kusafiri katika nchi jirani ya New Zealand watakuta mambo haya yameingizwa katika sheria. Kulala nje ya viwanja rasmi kunaruhusiwa katika maeneo mengi ya halmashauri kwa magari yaliyothibitishwa tu kuwa yanajitosheleza. Kipimo chake ni siku tatu: maji safi lita 4 kwa kila mtu kwa siku, yaani lita 12 kwa kila mtu, pamoja na tangi la kuhifadhi maji machafu na choo. Sheria iliyopitishwa mwaka 2023 ilikaza zaidi kwa kutaka choo kiwe kimefungwa ndani ya gari moja kwa moja. Kile cha kubebeka hakitoshi tena. Anayekodi gari huko aulize kuhusu cheti chake kabla ya kulipa.

Siku ya kukabidhiwa

Karavani, hasa ile iliyowahi kutumika, isinunuliwe ikiwa kavu. Mwombe muuzaji ajaze matangi mbele yako, azime maji ya nje, awashe pampu na kufungua bomba moja baada ya jingine, kisha ayafunge yote na mnyamaze kwa dakika tano. Pampu ikinguruma katika kimya hicho, kuna uvujaji. Piga goti uchungulie chini: tazama mikanda ya matangi, bamba la kuzuia mawe na vizibo vya kumwagia. Nusa mdomo wa tangi. Bonyeza ukuta chini ya sinki na kando ya bafu kwa kidole gumba. Ubao uliooza hubonyea. Uliza koki ya tangi la kwanza ni ipi na ya pili ni ipi, hita inamwagwa wapi, na iwapo tangi la maji machafu lipo au halipo.

Iwapo Kiingereza cha mafundi kinakupa taabu, mrekodi muuzaji kwa simu anapoonyesha kila kitu, kwa ruhusa yake, au nenda na mtu atakayekutafsiria. Kisha andika kwa Kiswahili kwenye utepe mweupe na ubandike juu ya kila mdomo, koki na swichi: maji ya mji, tangi la mbele, tangi la nyuma, pampu, hita. Safari ya kwanza iwe ya usiku mmoja, katika kiwanja kilicho karibu na nyumbani, lakini bila kuunganisha mpira wa nje. Asubuhi mtakuwa mmejua wenyewe lita ngapi familia yenu hutumia kwa siku, na tarakimu hiyo ndiyo mtakayoigawia ukubwa wa matangi kabla ya kuiangalia ramani ya Nullarbor.